Gemu 140 na PS3 moja: ninunue diski ipi?

Swali: Shikamoo fundi. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu hapa Tanga. Amekifunga, akaniachia PS3 Slim moja (CECH-2103A) yenye diski ya GB 120, imeshafunguliwa na ina CFW (mfumo uliobadilishwa, unaoruhusu gemu zichezwe kutoka diski), pamoja na sidii za gemu kama 140 hivi. Lenzi imeanza kuchoka: sidii nyingine inasoma, nyingine inazungusha tu mpaka inakata tamaa. Nataka gemu zote zikae kwenye diski. Jamaa mmoja ananiambia niweke SSD (diski isiyo na sahani ya kuzunguka) ya TB 2 ndani ya mashine. Mwingine anasema eksteno, yaani diski ya nje, ya TB 4 ndiyo mpango mzima. Na mtandaoni nimeona flashi ya TB 2 kwa bei rahisi sana. Nichukue ipi? Na nikishanakili, naweza kuziuza sidii?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue hata moja kati ya hizo tatu. Nunua mbili nyingine: SSD ya GB 480 au 500 ikae ndani ya mashine, na diski ya nje ya TB 2, ile ndogo ya inchi 2.5 yenye sahani zinazozunguka na waya wa USB 3.0. Ya ndani itabeba mfumo, sevu, na gemu chache zinazochezwa kila siku. Ya nje ndiyo ghala. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu utakapofika dukani muuzaji atakutolea kitu kingine kabisa na kukisifia, na nataka uwe na cha kumjibu.

Kwanza ukubwa. Sidii ya Blu-ray ya tabaka moja ina GB 25, ya tabaka mbili GB 50, lakini gemu nyingi hazikaribii kuzijaza. PES na FIFA, ambazo kwa kibanda chochote cha pwani naamini ndizo zimejaa kabatini, kwa kawaida ziko kati ya GB 5 na 12. Upande wa pili kuna mazito kama God of War III, ambayo peke yake inapita GB 30. Kwa mchanganyiko wa kibanda mimi hupigia wastani wa GB 12 kwa sidii, na 140 mara 12 ni GB 1,680. Diski iliyoandikwa TB 2 itakuonyesha kama GB 1,863 ukiichomeka, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Hapo hujaibiwa. Inabaki nafasi ya gemu nyingine kama 15, nayo inatosha, kwa kuwa gemu mpya za PS3 hazitoki tena.

Sasa kwa nini isiwe TB 4, wakati tofauti ya bei si kubwa sana? PS3 ilitoka mwaka 2006. Inapoangalia diski ya nje inategemea kukuta jedwali la zamani la mgawanyo, MBR. Jedwali hilo linahesabu vipande vya baiti 512 kwa namba ya biti 32, na namba hiyo inaishia kwenye vipande bilioni 4.29. Zidisha utapata TB 2.2. Kuanzia hapo inabidi diski iwe ya GPT, jedwali jipya ambalo mashine hii haikuzaliwa nalo. Utanunua TB 4, utaifomati kwenye laptopu, utaichomeka, na skrini haitaonyesha kitu. Nimewahi kuletewa eksteno tatu kwa wiki moja zikiitwa mbovu, na zote zilikuwa nzima, ni kubwa kupita kipimo cha mashine tu.

Tuje kwenye kasi, maana ndipo watu wanapoteza hela nyingi. Milango ya USB ya PS3 ni ya 2.0. Kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde. Kazini, ukiondoa mazungumzo ya mashine na diski yenyewe, unapata kama MB 30 kwa sekunde. Ukiweka SSD yenye uwezo wa MB 500 kwenye mlango huo, itatoa MB 30. Ni sawa na kuleta gari la mbio kwenye kivuko cha Pangani: litavuka kwa mwendo wa kivuko, pamoja na baiskeli na magunia ya nazi. Diski ya kawaida ya sahani ya inchi 2.5 inasoma MB 80 mpaka 130 bila jasho, kwa hiyo mlango huo inaujaza na kubakiza. Usihofu kwamba MB 30 ni kidogo. Kisomeo cha Blu-ray cha PS3 ni cha mara mbili, maana yake MB 9 kwa sekunde, na waliotengeneza hizo gemu walizipanga zilishwe kwa kasi hiyo. Kutoka diski ya nje inalishwa mara tatu ya ilivyozoea.

Ndani hali ni nyingine. Kuna SATA, mlango wa diski ya ndani, ya kizazi cha kwanza, gigabiti 1.5, ambayo kwa hesabu ni kama MB 150 kwa sekunde, na hapo bado mashine inafunga kwa ufunguo wa siri kila inachoandika na kufungua kila inachosoma. Kwa kasi ya mfululizo tu, SSD haitakupa ajabu. Faida yake iko kwenye kuruka. Gemu inapookota vipande elfu moja vidogo, huku kipande cha ukuta, kule sauti ya mshangiliaji, kwenye diski ya sahani mkono wa kusomea lazima uhame kila mara, na kila uhamaji unakula milisekunde kumi na kitu. SSD haina mkono wa kuhamisha. Ndiyo maana menyu inafunguka haraka, na gemu zinazojisakinisha ndani zinapunguza kusubiri. Pia haina joto la maana, haina kelele, na mtoto akiigonga meza haikwaruzi kitu.

Na kumbuka, hata gemu ikikaa ghalani nje, data yake ya kusakinisha na masasisho yanaingia diski ya ndani. GTA V peke yake inadai GB 8. Ndiyo sababu hiyo GB 120 yako imekuwa ikikulilia. Kama una gemu za PS2 unazotaka kuzichezea humo humo, nazo lazima zikae ndani. Kutoka USB hazitaanza.

Kwa nini basi nisikuruhusu ile SSD ya TB 2 ndani ukamaliza kila kitu? Bei ni sababu, lakini si ya kwanza. Ya kwanza ni hii: kila kilichomo kwenye diski ya ndani ya PS3 kimefungwa kwa ufunguo wa mashine hiyo moja. Ichomoe, iweke kwenye PS3 nyingine, hata ya namba hiyo hiyo, itakuambia lazima ifomatiwe. Ichomeke kwenye laptopu, utaona takataka. PS3 yako ina miaka zaidi ya kumi na tano. Siku bodi ikifa, gemu 140 zinakwenda nayo. Ghala la nje halina mume. Linahamia mashine nyingine jioni hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kabla hujagusa skrubu yoyote, tumia programu za kwenye CFW utoe nakala ya ufunguo unaoitwa eid_root_key, uuhifadhi kwenye barua pepe yako na sehemu nyingine moja. Ukiwa nao, mtu anayejua kazi anaweza kuisoma diski ya ndani kwenye kompyuta hata mashine ikishakufa. Ni faili dogo sana, halina hata KB moja. Wengi hawalitoi, halafu wananiletea sevu za miaka minane wakilia.

Kwa SSD ya ndani, chukua ya inchi 2.5 ya SATA yenye jina la kampuni unayoweza kuitafuta ukaikuta. Haihitaji kuwa ya gharama, maana ile ya bei ya chini ya kampuni ya kweli tayari inazidi mlango wa mashine. Angalizo moja: PS3 haiiambii SSD ni sehemu gani zimefutwa, kwa hiyo diski yenyewe inajisafisha kwa kubahatisha. Iachie nafasi. Usipitishe asilimia 80 ya ujazo, na itadumu kasi yake.

Kama mfuko hauruhusu SSD na unataka diski ya sahani ndani, sawa, ila pima unene. Nafasi ya PS3 ni milimita 9.5. Diski za inchi 2.5 zinazozidi TB 2, hasa zilizotolewa kwenye makasha ya nje, nyingi ni nene zaidi na haziingii hata ukizisukuma. Na diski nyingi za ndani ya makasha ya Western Digital, My Passport na Elements ndogo, zina mlango wa USB uliochomelewa kwenye bodi yake moja kwa moja. Ukilivunja kasha ukitegemea kukuta SATA, hukuti, na umeshaharibu kasha.

Kuna jambo jingine ambalo halijaandikwa kwenye boksi. Siku hizi diski nyingi za sahani za inchi 2.5 zinaandika kwa mtindo wa SMR. Fikiria bati za paa: kila bati linalalia kidogo bati la chini yake, na ndivyo mistari ya data inavyolaliana ili sahani moja ibebe zaidi. Kusoma hakuna shida. Lakini ukitaka kubadilisha bati la katikati lazima uinue yote yaliyolala juu yake, kisha uyarudishe. Diski inaficha kazi hiyo mpaka foleni inapojaa, halafu kasi inaanguka ghafla mpaka unadhani imeganda. Seagate ST1000LM035 na ST1000LM048 ni za mtindo huo, na WD10SPZX ya Western Digital pia. Kwa ndani ya PS3, ambako mashine inaandika kila dakika, sizipendi. Ukikuta HGST Travelstar 7K1000 nzima, ile ya TB 1 na mizunguko 7,200, hiyo ni ya mtindo wa kawaida na ni diski ya heshima. Kwa ghala la nje, SMR isikusumbue hata kidogo. Unaandika gemu mara moja, kisha unaisoma miaka yote. Ni kazi inayoifaa kabisa.

Sasa hiyo flashi ya TB 2. Mdogo wangu, iache. Naisema kwa uchungu kwa sababu nimeumizwa nayo. Mwaka 2016 nilinunua eksteno ya TB 2 kutoka duka moja mjini, boksi zuri, uzito mzuri mkononi. Nikajaza gemu za mteja wa kibanda siku nzima. Zile za kwanza kuingia ziliendelea kuonekana kwenye orodha, lakini hazikuanza hata moja. Nikafungua kasha. Ndani kulikuwa na flashi ndogo imegundishwa kwa gundi, na nati mbili za chuma za kuongeza uzito. Ujanja wake ni huu: kifaa kimefundishwa kuiambia kompyuta kwamba kina TB 2 wakati kina, tuseme, GB 32. Ukishaijaza hiyo 32, kinaanza kuandika juu ya vya kwanza. Majina ya faili yanabaki, matumbo yameliwa. Yule mteja nilimrudishia hela yake yote, na tangu siku hiyo hakuna kifaa cha kuhifadhia kinachotoka kwangu kabla hakijapimwa.

Wewe nawe pima. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinajaza diski nzima kwa data maalumu, kisha zinaisoma tena kuona kama imerudi vile vile. Kwa diski ya TB 2 kwenye USB 3.0, kwa wastani wa MB 100 kwa sekunde, ni kama saa tano na nusu kuandika na nyingine kama hizo kusoma. Iache usiku. Ndiyo maana nimesisitiza waya wa 3.0 hata kama PS3 ni ya 2.0: kwenye kompyuta ya USB 2.0 kujaza TB 2 kunachukua zaidi ya saa 18. Mkubaliane na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikishindwa kipimo unairudisha, na aandike hivyo kwenye risiti. Anayekataa kuandika amekwishakujibu.

Ukipewa diski ya mtumba, na mtumba si dhambi, ichomeke kwenye kompyuta yenye CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, uangalie mistari mitatu. Sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika, mstari wa 05, iwe sifuri. Sekta zinazosubiri, mstari wa C5, nayo sifuri, na hapa sina huruma hata kwa moja. Saa za kuwa hai, mstari wa 09: mwaka mmoja wa kuwaka bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo ukiona 30,000 ujue imefanya kazi miaka mitatu na nusu mfululizo, na huenda ilitoka kwenye kinasa cha kamera za ulinzi. Diski ya laptopu yenye saa 4,000 na sifuri hizo mbili naichukua kwa moyo mweupe.

Umeme nao. Mlango wa USB wa PS3 umepangwa kutoa miliampia 500. Diski ya sahani ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu mara mbili ya hiyo kwa sekunde chache. Nyingi zinavumilia. Isiyovumilia utaisikia: tik, tik, tik, inazima, inaanza tena, au inapotea katikati ya mechi. Watu wanasema diski imekufa, kumbe ina njaa. Badilisha waya kwanza, uwe mfupi na mnene. Ikishindikana, tafuta habu ya USB yenye adapta yake ya ukutani. Ile diski kubwa ya inchi 3.5 yenye adapta yake haina tatizo hili, na kwa kibanda ningekushauri hiyo, lakini nyumbani inakuongezea waya na kitu cha kuanguka.

Na umeme ukikatika katikati ya mchezo? Ghala la nje, kwa kuwa mashine inalisoma tu, kwa kawaida linapona. Ya kuogopewa ni diski ya ndani. Mashine itakuambia haikuzimwa ipasavyo, itaanza kukagua mfumo wa faili, na siku mbaya itaomba kuurekebisha. PS3 Slim kwenye mchezo inakula karibu wati 100, kwa hiyo hata UPS ndogo ya VA 650 inakupa dakika za kusevu na kuzima vizuri pamoja na TV ya kawaida. Ukiwa na hela ya kitu kimoja zaidi baada ya diski hizi mbili, nunua hiyo UPS kabla ya pedi mpya.

Kupanga ghala ni kazi ya kompyuta. Diski ya nje iwe MBR, ifomatiwe NTFS, mpangilio wa faili wa Windows. Usikubali FAT32, mpangilio wa zamani, ingawa ndiyo PS3 inayoielewa yenyewe, kwa sababu FAT32 haibebi faili linalofika GB 4 na gemu zako karibu zote zinavuka hapo. Utaishia kukata gemu vipande na kuviunganisha kila siku. Kwenye CFW, webMAN MOD pamoja na programu ya prepISO vinasoma gemu za ISO (faili moja lililobeba sidii nzima) kutoka NTFS bila shida. Tengeneza folda iitwayo PS3ISO, kwa herufi kubwa hivyo hivyo, weka ISO zote humo, kila moja na jina linalosomeka. Ukiongeza gemu mpya, endesha prepISO tena, la sivyo haitaonekana. Na chagua mlango mmoja wa USB uendelee nao, maana mashine inaikumbuka njia kwa namba ya mlango.

Siri ya kuzuia gemu zinazogoma bila sababu: nakili ISO moja moja kwenye diski safi, usifute na kujaza jaza kama debe la mchele. Programu hizi zinaisoma ISO moja kwa moja kutoka mahali ilipolala juu ya diski. Ikiwa imekatwakatwa na kutawanywa vipande mamia, inashindwa kuanza. Ikikutokea, ihamishe kwenye kompyuta, kisha irudishe. Mara nyingi inapona hapo hapo.

Kubadilisha diski ya ndani kwenye Slim yako ni kazi ya dakika kumi. Chini kuna kifuniko kidogo, ndani yake skrubu ya bluu, ukiifungua treya inateleza nje. Fungua skrubu nne za pembeni, badilisha, rudisha. Kabla ya hapo toa nakala ya sevu kwa kutumia huduma ya nakala iliyomo kwenye menyu, kwenda kwenye flashi ya FAT32. Mashine ikiwaka na diski tupu itaomba faili la mfumo kutoka flashi, kwenye folda PS3, ndani yake folda UPDATE, jina la faili PS3UPDAT.PUP. Hapa simama usome mara mbili: faili hilo liwe la CFW, toleo lile lile lililo kwenye mashine sasa. Ukiipa haraka haraka faili rasmi ulilolikuta mtandaoni, diski itafomatiwa vizuri kabisa, na ufunguzi wote wa mashine utakuwa umeondoka. Slim ya CECH-21 inaweza kufunguliwa tena, lakini kwa nini ujipe safari hiyo.

Limebaki la lenzi, na ndilo lenye haraka kuliko yote. GB 1,680 kwa MB 9 kwa sekunde ni zaidi ya saa 51 za kusoma bila kupumzika. Lenzi iliyochoka usiipeleke mfululizo. Fanya sidii tatu au nne kwa siku, mashine ikiwa mahali pa hewa, nawe safisha kila sidii kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Nakili kwenda diski ya ndani, kwa hiyo GB 500 ile itakuwa kituo. Kisha zihamishe kwenda kompyuta kwa waya wa mtandao kupitia FTP (njia ya kuhamisha faili) ya webMAN, na kutoka kompyuta ziingie ghalani. Hapo ndipo utajua pia ukubwa halisi wa kila gemu. Ukiona jumla inaelekea kuvuka TB 2, acha nje zile za mpira za miaka iliyopitana. Hakuna atakayelia PES ya mwaka ambao tayari una wa mbele yake.

Kuhusu kuuza sidii: usiuze. Nakala ni halali moyoni na mkononi mwako kwa sababu sidii ni zako, kaka yako alizinunua moja moja kwa hela ya kibanda. Ukiziuza ukabaki na nakala, umebaki na cha mwenzio. Na ghala likianguka sakafuni siku moja, sidii ndiyo nakala yako ya pili, isipokuwa uwe umenunua diski ya nje nyingine ya TB 2 na kuikalisha nyumba nyingine, jambo ambalo nakuombea ulifanye mwakani. Zisimamishe wima kwenye makasha yake, mbali na dirisha, maana hewa ya chumvi ya Tanga inatafuna tabaka la sidii taratibu. Na unapoanza kunakili, usianze na unazozipenda. Anza na zile ambazo lenzi tayari inazisoma kwa shida, leo, wakati bado inazisoma.